Umeme wa kujifungia mwenyewe ni mkopo wenye riba kubwa

Wasomaji waliozoea kukuta hapa habari za saruji, nondo na mabati watuwie radhi. Wiki hii tunabaki kwenye ujenzi, lakini tunazungumzia bidhaa ambayo mwenye nyumba huinunua mwisho, akiwa amekwisha ishiwa fedha, na ambayo ikishafukiwa ukutani haionekani tena. Tunazungumzia nyaya za umeme.

Jumamosi moja nilikuwa Kipawa, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kuangalia fremu za biashara ambazo mzee mmoja mstaafu amezijenga mbele ya nyumba yake. Ziko nne. Ya kwanza ni saluni ya kina mama, ya pili duka la vinywaji baridi lenye friji mbili, ya tatu ni ya kinyozi ambaye pia huchaji simu za watu. Ya nne ilikuwa inamngoja mpangaji, dada mmoja anayetaka kuoka mikate kwa oveni ya umeme.

Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alinitembeza kwa fahari.

"Kijana wangu, hapa hakuna fundi aliyekula hata senti yangu," aliniambia. "Umeme nimefunga mwenyewe, mimi na mwanangu, kwa siku mbili."

Nilimpongeza kwa fremu. Kisha nikaingia dukani kununua soda, nikashika mlango wa friji, na mkono ukanisisimka hadi kwenye kiwiko. Muuzaji alicheka. "Hiyo ni kawaida yake, kaka. Ukitaka kufungua, vaa kandambili."

Safu hii inasema wazi kwamba hapo hapakuwa na jambo la kawaida. Friji inayosisimua mkono ni hati ya madai inayongoja siku ya kulipwa. Fedha ambayo mzee anadhani ameiokoa kwa kutomwita fundi, ameikopa. Riba yake inaendelea kuhesabiwa ukutani usiku na mchana, na siku ya marejesho haijui.

Hesabu ya fremu nne

Tuichukue hesabu hiyo kama wanavyoichukua watu wa biashara. Fremu zote nne za mzee zinalishwa na waya mmoja wa 2.5, yaani wenye unene wa milimita za mraba mbili na nusu, uliovutwa kutoka kwenye soketi ya sebuleni, ukapitishwa darini chini ya mabati.

Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230. Ukitaka kujua chombo kinavuta ampea ngapi, gawanya wati zake kwa 230. Saluni ikiwa na vikaushio viwili vya mkono vya wati 1,500 kila kimoja, na jagi la kuchemshia maji la wati 2,000, jumla ni wati 5,000, sawa na ampea karibu 22. Ongeza friji mbili, mashine za kinyozi na chaja za simu, tuseme wati 500. Ongeza na oveni ya yule dada, wati 3,000. Jumla inafika wati 8,500, sawa na ampea 37.

Je, waya wa 2.5 unaweza kubeba ampea ngapi? Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo mafundi wetu wengi wamesomea, waya wa shaba wa namna hiyo, ukiwa ndani ya bomba la plastiki lililofungwa juu ya ukuta, hubeba ampea 24. Waya wa 1.5, ambao kazi yake ni taa, hubeba ampea 17 na nusu. Lakini majedwali hayo yamepigwa hesabu kwa hewa yenye joto la nyuzi 30. Chini ya bati la Dar es Salaam, saa nane mchana wa mwezi Januari, joto hupita hapo mbali. Hewa ikifika nyuzi 50, majedwali hayo hayo yanakutaka upunguze uwezo wa waya hadi asilimia 71. Ampea 24 zinabaki 17.

Kwa maneno mengine, mzee anataka kupitisha ampea 37 mahali penye nafasi ya 17. Joto la waya nalo haliongezeki kwa kiwango kilekile cha umeme. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Plastiki inayofunika waya hulainika, kisha hukauka, kisha hupasuka. Hayo yote hutokea darini, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama.

Breka iliyonyamazishwa

Msomaji atauliza: si kuna zile swichi za kujikata zenyewe, ambazo mafundi huziita breka? Zipo. Na ya mzee ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ilikuwa ya ampea 20, na kila Ijumaa jioni saluni ikijaa wateja, ilijikata. Wapangaji walilalamika. Mzee akaenda dukani akanunua ya ampea 40, akaibandika mwenyewe. Tangu hapo haijajikata tena, na wapangaji wamefurahi.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalofanywa na watu wengi wenye akili timamu. Wengi wanaamini kwamba breka inalinda friji au televisheni. Breka inalinda waya uliomo ukutani. Ukubwa wake huchaguliwa kwa kutazama uwezo wa waya, na hauna uhusiano na hamu ya wateja. Anayeweka breka ya 40 juu ya waya wa ampea 17 ni sawa na mwenye duka anayemfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku.

Yako makosa mengine ambayo safu hii imeyakuta katika nyumba za Kipawa, na ambayo wasomaji wa Temeke na Kinondoni watayatambua bila kuelezwa.

La kwanza ni kuacha waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Waya huu hauna kazi siku ambayo kila kitu ni kizima, ndiyo maana mtu mwenye haraka huuona kama gharama ya bure. Kazi yake huanza siku waya wa moto unapogusa bodi la chuma la friji au pasi. Hapo umeme hupata njia fupi ya kwenda ardhini, breka hujikata, na mwenye chombo husalimika. Pasipo ethi, njia fupi ni mwili wa mtu. Wapo wanaoufunga kwenye bomba la maji bila kukumbuka kwamba bomba la siku hizi ni la plastiki. Wapo wanaochomeka kipande cha nondo futi moja kwenye mchanga mkavu. Wapo wanaouunganisha na waya wa nyutro ndani ya soketi. Huyu wa mwisho ni hatari kuliko wote, kwa kuwa nyutro ikikatika, bodi za vyombo vyote hupata moto kwa wakati mmoja.

La pili ni swichi kuwekwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Taa inawaka na kuzimika kama kawaida, hivyo fundi mwenyewe huridhika. Lakini taa ikiwa imezimwa, holda yake bado ina moto. Anayepanda juu ya meza kubadilisha balbu anadhani yuko salama.

Hapo kuna mtego wa rangi. Kwa mfumo wa zamani wa Kiingereza, waya mwekundu ni wa moto na mweusi ni nyutro. Kwa mfumo mpya, wa kahawia ni wa moto na wa buluu ni nyutro. Katika umeme wa fezi tatu wa zamani, buluu ilikuwa rangi ya moto, na katika mfumo mpya nyeusi ni mojawapo ya rangi za moto. Rangi za mifumo yote miwili zinakutana madukani na katika kuta za nyumba zetu. Mtu aliyejifunza rangi kwa kumtazama jirani anaweza kuua bila kukusudia.

La tatu ni maungio. Nyaya mbili zinasokotwa kwa vidole, zinazungushiwa solotepu, zinasukumwa darini. Tufanye hesabu ndogo. Ungio bovu lenye ukinzani wa nusu omu, likipitisha ampea 10, linatoa joto la wati 50. Likifanya kazi saa tano kwa siku, kwa mwezi linakula uniti saba na nusu. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 kwa wateja wa kawaida wa daraja la T1, hizo ni shilingi 2,190, kabla ya kodi. Mwenye nyumba hataziona hata kidogo kwenye LUKU yake. Lakini wati 50 ni joto la pasi ya fundi redio, ile anayoyeyushia risasi. Sasa ifikirie hiyo pasi imelazwa juu ya mbao kavu za dari, saa tano kila siku, kwa miaka mitatu.

Mpaka ni mita

Kwa nini mtu mwenye busara zake afanye hivi? Safu hii haikubaliani na wale wanaomwita mzee wa Kipawa mjinga. Anafuata bei, kama wote tunavyofuata.

Kuunganishwa umeme mjini kwenye njia moja kulirudi kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022, baada ya kipindi kifupi cha shilingi 27,000. Mwenye fremu nne akipiga hesabu ya mita nne, anaona bora avute waya kutoka sebuleni. Aidha, nyumba za Kipawa hazikujengwa kwa mkupuo. Chumba kimoja kimeongezwa baada ya mavuno, kingine baada ya kiinua mgongo. Sehemu ya wakazi wa huko waliishi miaka mingi bila kujua watahamishwa lini kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Mtu ambaye hajui kama ukuta wake utakuwepo mwaka ujao hawezi kuwekeza sana katika kilichomo ndani ya ukuta huo.

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya kufunga umeme ni ya mtu mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. TANESCO nayo inapokuunganisha, inataka kuona jina la mkandarasi mwenye leseni. Lakini kila mwenye nyumba anajua kinachosemwa mitaani, kwamba mhuri wa mkandarasi unaweza kupatikana bila mkandarasi mwenyewe kufika kwenye nyumba. Na hata mhuri ukiwa wa haki, unahusu nyumba kama ilivyokuwa siku ile. Kinachoongezwa baadaye nyuma ya mita, yaani fremu, banda la kuku, pampu ya kisima au kiyoyozi, hakuna anayekuja kukitazama. Mita ndiyo mpaka. Ng'ambo ya mpaka huo, kila mtu ni waziri wa nishati wa nyumba yake.

Ndiyo maana safu hii inasema tatizo si nani aliyeshika bisibisi. Fundi mwenye leseni anaweza kulipua kazi, na mstaafu mwangalifu anaweza kulaza waya ulionyooka. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haikupimwa na mtu yeyote. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, wawekezaji wadogo wamejifunza kutonunua hisa za kampuni isiyo na hesabu zilizokaguliwa. Lakini mwekezaji huyo huyo ananunua nyumba, au analipa kodi ya fremu ya mwaka mzima na kujaza bidhaa, bila kuuliza kama nyaya zake zimekaguliwa. Nyaya zisizopimwa ni hesabu zisizokaguliwa.

Uingereza walilifikiria jambo hili. Tangu Januari 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zinataka kazi kubwa za umeme wa nyumbani ziarifiwe kwa mamlaka ya ujenzi, au zifanywe na mtu aliyesajiliwa ambaye anaithibitisha kazi yake mwenyewe. Mwenye nyumba hakukatazwa kushika bisibisi. Alitakiwa tu kazi yake ikaguliwe na kupimwa.

Neno kwa wauzaji wa Kariakoo

Wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba lawama zote ni za mwenye nyumba. Yeye ananunua anachouziwa. Sokoni zipo nyaya zilizoandikwa 2.5 ambazo ndani yake ni nyembamba kuliko hapo, na zipo ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Alumini hiyo hupitisha umeme kwa uwezo wa karibu theluthi mbili tu ya shaba halisi, na maungio yake hulegea upesi. Sumaku haiwezi kukusaidia kuitambua, kwa kuwa sumaku haivuti shaba wala alumini.

Mizani inaweza. Mita 100 za waya mmoja wa 2.5 wa shaba halisi zina shaba ya kilo mbili na robo, kabla hujapima plastiki. Za 1.5 zina kilo moja na theluthi. Roli ambayo pamoja na plastiki yake haifiki uzito huo, ama ni fupi, ama ni nyembamba, ama si shaba. Kwangua pia ncha ya waya kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani. Ile iliyopakwa huonyesha weupe.

Muuzaji atasema mlaji ndiye anayetaka bei ya chini, na asipomuuzia yeye atauziwa na jirani. Safu hii inaelewa ushindani wa soko huria. Lakini katika soko huria jina la duka nalo ni mtaji. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Australia ilitangaza kurejeshwa kwa nyaya za majumbani zenye jina la Infinity, zilizouzwa kati ya 2010 na 2013, kwa kuwa plastiki yake ingezeeka na kupasuka kabla ya wakati. Kampuni iliyoziingiza nchini humo ilikuwa imekwisha filisika. Maduka yaliyoziuza ndiyo yaliyobaki na kazi ya kuwatafuta wateja nyumba hadi nyumba na kuzing'oa. Faida ya roli moja ililiwa na gharama ya ukuta mzima. Sisi tunayo TBS ya viwango na Tume ya Ushindani ya kupambana na bidhaa bandia. Muuzaji mwenye akili hangoji kukaguliwa. Anaweka mizani juu ya kaunta.

Kwa nini sasa

Wapo watakaosema kwamba nyumba hizi zimesimama miaka 20 na nyaya hizo hizo, wala hazijaungua. Ni kweli. Lakini miaka hiyo 20 nyumba nyingi za Kipawa ziliwasha taa, feni, redio na televisheni, tena kwa siku ambazo umeme ulikuwepo. Nyaya mbovu ziliokolewa na mgawo.

Hali hiyo inabadilika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mradi wenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha Februari 2024. Mei mwaka huo huo serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Gesi itachukua sehemu yake, lakini majiko ya presha ya umeme, majagi na oveni zitaingia katika nyumba zilizofungwa kwa ajili ya balbu na redio. Jiko la umeme la sahani mbili linaweza kuvuta wati 3,000. Kwa waya wa 1.5 uliounganishwa kwa solotepu, hilo si jiko moja tena. Ni mawili, na la pili liko darini.

Kwa wawekezaji wadogo, hapa pana biashara. Nyumba za zamani zitahitaji kufungwa upya, kupimwa na kugawiwa njia. Fundi mwenye leseni na kipimo cha mega atakuwa na kazi kuliko mwenye mchanga wa kuuza. Vijana waliotoka VETA na ufundi wa umeme, wakiungana watatu au wanne wakatafuta leseni na vipimo, wanaweza kujenga kampuni halali kwa mtaji mdogo kuliko wa bajaji mbili.

Faida na hasara kwa shilingi

Tuseme mzee wa Kipawa angelipa shilingi 500,000 zaidi kwa fundi mwenye leseni, waya mnene na njia ya peke yake kwa kila fremu. Tuseme kila fremu inalipa kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa fremu nne ni 600,000. Fedha hiyo yote ingerudi kabla mwezi haujaisha. Sasa tuseme moto unazifunga fremu kwa miezi mitatu. Kodi inayopotea ni shilingi 1,800,000, zaidi ya mara tatu ya alichookoa, kabla hajanunua bati hata moja. Hatujahesabu vikaushio vya saluni na friji, ambavyo ni mali ya wapangaji. Wala hatujahesabu mtoto anayetumwa soda akiwa hana kandambili.

Na bima? Wafanyabiashara wa Kariakoo walioshuhudia soko kuu likiwaka Julai 10, 2021 wanajua maana ya kukosa bima. Lakini aliye nayo asome vizuri karatasi yake. Bima ya moto ya kawaida hailipi chombo cha umeme kilichoungua chenyewe kwa shoti au kuzidiwa. Hulipa moto uliosambaa. Na kampuni ya bima hupeleka mtathmini. Akikuta breka ya 40 juu ya waya wa 2.5, mazungumzo yanabadilika.

Kwa hiyo safu hii inapendekeza mambo manne. Mosi, anayenunua nyumba au kupanga fremu adai karatasi ya vipimo vya nyaya, kama anavyodai hati au mkataba. Vipimo vyenyewe si siri. Ni ukinzani wa plastiki ya nyaya kwa volti 500, uzima wa njia ya ethi, mpangilio wa moto na nyutro, na kujikata kwa ile breka ya kuokoa maisha inayohisi uvujaji wa miliampea 30. Pili, EWURA na TANESCO zibandike orodha ya mafundi wenye leseni katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, ili mzee asilazimike kuuliza kijiweni. Tatu, taasisi zinazokopesha kwa dhamana ya nyumba ziifanye karatasi hiyo iwe sharti. Nne, mwenye nyumba anayetaka kuokoa fedha aokoe mahali panapookoka. Atindue ukuta mwenyewe, alaze mabomba, apande dukani na mizani yake, achague mahali pa soketi. Fundi aje kuunganisha, kupima na kutia sahihi. Hapo gharama inapungua na hesabu inakaguliwa.

Nilimweleza mzee haya tukiwa tumekaa kwenye benchi la saluni. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza swali la mtu wa biashara: "Na hiyo laki tano, nitaitoa wapi, kijana wangu?"

Nilimwambia anayo tayari. Yule dada wa mikate yuko tayari kulipa kodi ya miezi sita mkononi kabla hajaingia. Hiyo ni shilingi 900,000. Mzee anaweza kuipokea leo, akachomeka oveni kwenye waya wa sebuleni kesho. Au anaweza kutumia sehemu yake kufunga umeme upya, dada akaingia wiki mbili baadaye.

Alinyamaza. Ndege ilipita juu yetu ikitua, tukangoja kelele ziishe. Ndani ya duka, muuzaji wa vinywaji alikuwa anamkabidhi mteja kandambili.